Pesa ya Shaba na Hukumu ya Soko

Jioni hii nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, kidogo hata katika siku za uhai wake mtu aliyekiangusha mchangani alisitasita kabla ya kuinama kukitafuta; nacho ni pesa ya shaba ya karne ya 19, ile iliyopita mikononi mwa wauza samaki wa Unguja, mahamali wa Mombasa na wapagazi wa Bagamoyo, kisha ikafutwa na serikali, ikakataliwa na mabenki, ikabaki katika vibweta vya mabibi zetu na chini ya sakafu za nyumba kongwe. Wako watu wanaozikusanya pesa hizi, kuzipanga na kuziandikia daftari, na wako wengi zaidi wanaowacheka kwa kazi hiyo, wakiuliza ina faida gani sarafu ambayo hata ilipokuwa hai haikuweza kununua kitu cha maana. Swali hilo ni la haki, na mazungumzo yangu yote ni jibu lake.

Niseme mapema ninalotaka kulithibitisha, ili msikilizaji anipime kwa kauli yangu mwenyewe. Katika miaka isiyotimia 20, tangu 1882 hata 1899, mamlaka nne mbalimbali zilipiga pesa za shaba kwa ajili ya mwambao huu mmoja: Sultani wa Unguja, kampuni ya Waingereza, kampuni ya Wajerumani, na mwisho serikali ya Uingereza yenyewe. Mamlaka hizo zilikuwa na lugha mbalimbali na bendera mbalimbali, na baadhi yake zilinyang'anyana nchi waziwazi. Walakini mtu akizichukua pesa zao nne na kuziweka katika mizani ya sonara, ataona kuwa zinakaribiana mno kwa uzito na upana, kiasi cha kuwa muuza mchicha aliyekuwa hajui kusoma aliweza kuzipokea zote bila ya shaka. Haikuwa sadfa, wala hawakupatana watawala hao kwa mapenzi. Walilazimishwa, na aliyewalazimisha ni soko.

Ili tulifahamu jambo hilo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo na kuitazama hali ya fedha katika pwani yetu kabla ya pesa hizo kuja. Fedha kubwa ilikuwa ni riali, na iliyopendwa kupita nyingine ni ile iliyoitwa riali ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 28 hivi, ambayo mwaka wake ni 1780 siku zote, hata zile zilizopigwa karne nzima baada ya malkia huyo kuzikwa; kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, wa Uhabeshi na wa Uarabuni waliikataa sarafu yoyote iliyobadilishwa sura au tarehe. Pamoja nayo ilikuwako riali ya mzinga, sarafu ya Kihispania yenye nguzo mbili ambazo watu wa pwani walizifananisha na mizinga. Kwa riali hizo zilinunuliwa pembe za ndovu na karafuu, zililipwa ushuru wa forodha, na kwa aibu ya zama zile zilitajwa pia bei za wanadamu.

Lakini mtu hali pembe kila siku. Mwenye riali moja mkononi, naye anataka samaki wa chakula cha mchana na nazi moja ya kuungia, alikuwa na mali asiyoweza kuitumia mpaka apate wa kuivunja. Zamani haja hiyo ilitimizwa kwa nafaka, mtama ukapimwa kwa vibaba na kutolewa mahali pa fedha ndogo. Na huko bara, mbali na bandari, kazi hiyohiyo ilifanywa na nguo ya merikani iliyopimwa kwa mikono na doti, na shanga zilizotungwa, na masango ya shaba, kila nchi na chaguo lake, hata msafara uliochukua shanga za rangi isiyotakiwa ulijikuta na mizigo ya bure. Katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan ndipo pesa za shaba za India zilipoanza kuletwa Unguja, nazo zikaenea upesi, kwa maana Wahindi waliokuwa wakishika biashara na forodha ya mji walizijua kwao, na kila jahazi iliyotoka Bombay ingeweza kuzichukua.

Naomba sasa mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu mkusanyaji asiyeijua hesabu hii atakuwa ana shaba tu. Rupia moja ya India iligawanywa katika ana 16, na kila ana katika pesa 4. Kwa hiyo rupia ilikuwa pesa 64. Pesa hiyo ndiyo robo ya ana, ambayo sheria ya Kampuni ya Mashariki ya India ya mwaka 1835 iliipa uzito wa gramu 6 na nusu kasoro kidogo. Riali nayo ilihesabiwa Unguja kuwa ni rupia 2 na ana 2, na atakayezidisha ataona kuwa riali moja ilitoa pesa 136. Mtu aliyevunja riali yake nzima, basi, aliingia nayo kwa mvunja fedha ikiwa nyepesi katika pindo la nguo, akatoka na karibu ratili mbili za shaba. Na hapo tunafahamu kwa nini mifuko ya wakati ule ilishonwa kwa kitambaa kizito, na kwa nini malipo ya mahamali wengi kwa siku moja yalikuwa ni mzigo wenyewe wa kubebwa na hamali.

Hesabu hiyo niliyoitaja, hata hivyo, ilikuwa ni hesabu ya kanuni, na soko lina kanuni zake. Shaba ilipoadimika mjini, kwa kuwa majahazi yalichelewa au wafanyabiashara wa bara waliichukua kwa wingi, riali ilitoa pesa pungufu. Shaba ilipojaa, ilitoa zaidi. Mwenye kupata faida katika kupanda na kushuka huko alikuwa ni mvunja fedha aliyeketi barazani na vikapu vyake, na mwenye kupata hasara, aghalabu, alikuwa ni yule aliyelipwa kwa pesa na kudaiwa kwa riali. Kwa hivyo mtawala aliyetaka kusimamisha bei za sokoni alihitaji shaba yake mwenyewe, iliyopigwa kwa jina lake na kuletwa kwa kiasi anachokijua yeye.

Mtawala aliyelifanya hilo ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888. Huyu alikuwa ni mtu wa majengo na mipango. Ndiye aliyeleta maji safi mjini kwa mifereji, na ndiye aliyelijenga jumba la Beit al-Ajaib, lililokamilika mwaka 1883. Katika mwaka 1299 wa Hijra, ulioanza Novemba 1881 na kumalizika Novemba 1882, ziliingia nchini sarafu zilizopigwa Ulaya kwa amri yake: chache za dhahabu, riali za fedha, na pesa za shaba kwa wingi. Ya dhahabu ilipigwa kwa heshima ya kiti, na raia wengi walikufa bila ya kuiona. Riali yake haikuweza kuishinda riali ya Sham iliyokwisha zoeleka. Pesa ya shaba ndiyo iliyoshinda, ikaenea visiwani na mrima, ikaingia bara pamoja na misafara, na mwaka 1304 ikapigwa tena.

Itazameni pesa hiyo ya 1299, kama mnayo au mkijaliwa kuipata. Upande mmoja una jina la Sultani kwa herufi za Kiarabu. Upande wa pili una mizani yenye sahani mbili zilizolingana, na chini yake tarehe. Mizani hiyo haikuzuliwa Unguja. Pesa zilizopigwa Bombay katika miaka ya 1830 zilikuwa na mizani kama hiyo, na kati ya sahani zake liliandikwa neno la uadilifu kwa herufi za Kiajemi; na Barghash mwenyewe, baada ya kushindwa katika ugomvi wake na nduguye Sayyid Majid mwaka 1859, alipelekwa Bombay akakaa huko uhamishoni kabla ya kurejea na baadaye kurithi ufalme. Alama ya mizani ilikuwa ikifahamika kwa macho katika bandari zote za bahari hii. Kuiweka juu ya pesa mpya ilikuwa ni kumwambia mnunuzi na muuzaji, kwa lugha isiyohitaji shule, kwamba kitu hiki ni kilekile unachokijua, chukua wala usihofu.

Miaka sita baada ya pesa hiyo Waingereza walifanya vivyo hivyo. Kampuni yao ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na William Mackinnon na kupewa hati ya malkia mwezi Septemba 1888, ilikuwa imekodi mwambao wa Mombasa kutoka kwa Sultani, na mara ile ile ikapiga pesa zake. Upande mmoja una jua lenye miali, na jina la Mombasa, na mwaka 1888. Upande wa pili, ajabu ya mambo, una mizani, una neno la Kiarabu lenye maana ya uadilifu, na una mwaka 1306 wa Hijra. Kampuni iliyotoka London, yenye wanahisa Wakristo na hesabu za pauni na shilingi, ilitoa sarafu yake kwa tarehe ya Hijra na kwa hesabu ya rupia ya India, na uzito wake ukawa ni uleule wa robo ya ana. Mtazamaji wa makini ataona juu ya baadhi ya pesa hizo alama ndogo ya herufi H, ambayo ni ya kiwanda cha Heaton katika mji wa Birmingham, na juu ya nyingine herufi C na M, alama ya kiwanda cha Calcutta. Na kwa herufi hizo tu atajua kuwa kampuni moja iliagiza shaba ya nchi moja kutoka pande mbili za dunia.

Upande wa kusini hali ilikuwa nzito zaidi. Kampuni ya Wajerumani ilipopandisha bendera yake katika miji ya mrima mnamo Agosti 1888, watu wa Pangani na miji mingine waliinuka kuipinga, na vita vilivyoongozwa na Bushiri bin Salim havikuzimika mpaka serikali ya Ujerumani ilipoleta askari chini ya Hermann Wissmann, na Bushiri mwenyewe akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Katika mwaka uliofuata, 1890, ilitoka pesa ya kwanza ya kampuni ile. Uso wake una tai wa Kijerumani na jina la kampuni kwa Kijerumani. Lakini geuza upande wa pili, nawe utakuta ndani ya shada la majani maandishi ya Kiarabu yanayoitaja shirika ya Almania, yaani ya Ujerumani, na mwaka 1307. Watu waliokuwa wamemwaga damu ili washike nchi hawakuthubutu kumletea mwuza dagaa hesabu ya maki na fenigi za kwao. Walimletea pesa, 64 kwa rupia, iliyoandikwa kwa herufi alizozizoea. Pesa hizo zilipigwa tena 1891 na 1892, ijapokuwa utawala wa nchi ulikwisha toka mikononi mwa kampuni tangu Januari 1891 na kushikwa na serikali ya Kaisari, kwa kuwa kampuni ilibakizwa na haki ya kupiga sarafu.

Na ya nne ni pesa ya serikali ya Uingereza, iliyoishika nchi ya Mombasa kutoka kwa kampuni ya Mackinnon mwaka 1895. Serikali hiyo ilitoa pesa za shaba za miaka 1897, 1898 na 1899 zenye kichwa cha Malkia Victoria. Mizani imekwenda, Kiarabu kimekwenda, tarehe ya Hijra imekwenda, ila uzito umebaki na hesabu ya 64 imebaki. Hata dola kubwa kuliko zote za zama zile, baada ya kuviondoa vyote vilivyoweza kuondolewa juu ya kile kipande cha shaba, ilikuta kitu kimoja kisichogusika.

Hapa ndipo ninapoyakusanya niliyoyatawanya. Tarikhi tunayosomeshwa aghalabu ni tarikhi ya amri: fulani alikuja, fulani akatawala, fulani akaondoshwa, na msomaji hudhani kuwa raia walipokea kila jambo kama ardhi inavyopokea mvua. Pesa hizi nne zinatoa ushahidi mwingine. Mtawala aliweza kuchukua forodha, kuweka boma na kunyonga mpinzani wake. Lakini alipotaka kuwapa watu kipande cha shaba na kuwaambia kina thamani, hakuwa na askari wa kutosha wa kusimama nyuma ya kila kikapu cha ndizi, kwa hiyo ilimpasa kuuliza kwanza: watu hawa wamezoea nini? Na jibu la swali hilo lilikwisha tolewa muda mrefu, na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, kwa kukubali na kukataa kwao kwa kila siku. Hukumu hiyo ya soko ndiyo iliyotiwa sahihi na Sultani na makampuni na malkia.

Wala tusiipambe hukumu hiyo kupita haki yake. Soko lililoilazimisha serikali kutunza uzito wa shaba lilikuwa ndilo soko lililoona ni jambo la kawaida kwamba mtumwa akodishwe na bwana wake kupakua shehena forodhani au kuchambua karafuu, kisha sehemu ya pesa alizolipwa jioni azipeleke nyumbani kwa bwana huyo. Mkataba wa Juni 1873 ulikataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko lao la Unguja, lakini utumwa wenyewe ulibaki kuwa halali hata mwaka 1897. Na pesa ya 1299, kwa hivyo, imepita katika mikono ya watu wasiojimiliki. Nadhani hiyo ni sababu moja kubwa ya kuiheshimu pesa iliyolika. Wakusanyaji wengi hutafuta sarafu iliyong'aa, ambayo haikuguswa tangu itoke kiwandani. Mimi rai yangu ni kwamba ile ambayo mizani yake imekwisha karibu kufutika, na jina la Sultani lasomeka nusu, imefanya kazi iliyotumwa kufanya, na walioichakaza kwa vidole vyao hawana kumbukumbu nyingine waliyotuachia.

Sasa nizungumze na yule ambaye moyo wake umevutwa kidogo, na angependa kuanza. La kwanza, asidhani kuwa kazi hii ni ya matajiri. Pesa nyingi nilizozitaja zilipigwa kwa mamilioni, na mpaka leo hupatikana kwa thamani ndogo; zilizo adimu ni baadhi ya miaka na baadhi ya alama tu, mathalani pesa ya Kijerumani ya 1890 ni chache kuliko ile ya 1892. Kadhalika asiache robo za ana za India, maana hizo ndizo mama wa zote na zilitembea hapa pamoja nazo: zile za Kampuni ya Mashariki ya India zenye ngao na simba, zile za 1862 hata 1876 zinazomwita Victoria malkia, na zile za tangu 1877 zinazomwita mfalme mkuu wa kike wa India. Na mwenye kupenda kulinganisha aongeze sarafu za Sultan Said Ali wa Ngazija, za mwaka 1308, zilizopigwa Paris. Zina Kiarabu na Hijra kama jirani zake, ila hesabu yake ni ya santimu, na hapo ataona kwa macho yake mahali ambapo biashara ya rupia ilikutana na biashara ya faranga.

La pili ni kujifunza kuisoma tarehe. Tarakimu za Kiarabu si ngumu, na mtoto wa chuoni ataweza kumfundisha baba yake asiyezijua. Lakini kuigeuza Hijra kuwa Miladi kunahitaji kanuni, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Chukua mwaka wa Hijra, uugawe kwa 33, jibu ulitoe katika mwaka wenyewe, kisha uongeze 622. Ukiugawa 1299 utapata 39. Ukitoa unabakiwa na 1260. Ukiongeza 622 unafika 1882. Kanuni hii hukosea kwa mwaka mmoja wakati mwingine, kwa kuwa miaka miwili hiyo haianzi siku moja, lakini yatosha kwa kazi ya kwanza.

La tatu ni nasaha ambayo ningeomba isikiwe kuliko nyingine zote: msizisugue. Ninajua kuwa kila nyumba ya pwani ina desturi ya kung'arisha vyombo vya shaba kwa ukwaju na jivu, au kwa ndimu na chumvi, na sinia la mgeni hupendeza kwa kazi hiyo. Ila sarafu si sinia. Ile rangi ya kahawia iliyokolea, iliyofanywa na hewa na mikono kwa miaka mingi, ndiyo ngozi ya pesa, na chini ya ngozi hiyo maandishi yamehifadhika. Tindikali ya ndimu huiondoa rangi na kula ncha za herufi, na ukisha kuitia jivu umeiachia mikwaruzo isiyotoka. Mchanga na vumbi huondoshwa kwa maji matupu na kukaushwa kwa kitambaa laini bila ya kusugua. Baada ya hapo sarafu iwekwe peke yake katika bahasha ndogo ya karatasi, mahali pakavu, mbali na hewa ya chumvi, kwani unyevunyevu wa pwani ndio adui aliyeziharibu nyingi kwa kutu ya kijani. Na anayeishika aishike kwa ukingo.

La nne ni daftari. Wahenga wametuambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayoistahiki methali hiyo kuliko hii. Kila sarafu iandikiwe ilikotoka: ilikuwa katika kibweta cha nani, mtaa gani, alipewa na nani, nani anakumbuka ilivyotumika. Pesa ya Mombasa iliyonunuliwa mnadani na pesa ya Mombasa iliyokutwa katika pindo la kanga ya bibi aliyezaliwa Tanga ni sarafu moja kwa mwenye duka, lakini kwa mwanatarikhi ni mbili, kwa sababu ya pili imetuonyesha njia iliyopita. Habari hizo hazimo katika shaba. Zimo katika vichwa vya wazee, nazo hupungua kila mwaka bila ya kutangazwa.

Na kwa sababu hiyo hiyo nawasihi watu wasichimbe. Mwenye kuokota pesa katika ua wake amepata bahati yake. Lakini anayekwenda na jembe katika magofu ya Kilwa Kisiwani au Gede, au mahali pengine ambapo wazee wetu walikaa, anavunja sheria, na anaharibu pia kile anachokitafuta. Mtaalamu akikuta sarafu katika tabaka lake la udongo, hujua iliangushwa pamoja na vyungu gani na baada ya ukuta gani. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, katika miaka ya 1980, iligunduliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, za karne nyingi kabla ya zama tunazozizungumzia. Na kwa kuwa ilichunguzwa na wataalamu pamoja na mahali ilipolala, tulijifunza majina ya watawala na mawasiliano yao na nchi za mbali. Lau ingalichukuliwa usiku na mtu mmoja na kuuzwa kwa uzito wa fedha, tungalikuwa na mikufu michache na ujinga uleule.

Pesa zenyewe zilikufa kwa haraka kuliko zilivyoishi. Wajerumani walianza kutumia hela mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Waingereza wa bara nao waliingia katika hesabu ya senti katika miaka hiyo hiyo. Na Unguja, chini ya Sultani Ali bin Hamud, ilitoa senti zake mwaka 1908. Hesabu ya mia ni nyepesi kwa karani, na karani ndiye aliyeshinda safari hii. Serikali sasa zilikuwa na maafisa, kodi na posta za kutosha kuilazimisha nchi nzima kuhesabu upya. Jambo moja tu hawakuliweza. Walipoiondoa ile pesa ya shaba, waliacha jina lake vinywani mwa watu, na watu wakakiita kwalo kila kitu kilicholipwa baada yake, cha chuma na cha karatasi, hata hivi leo.

Nimeulizwa, basi, ina faida gani sarafu isiyonunua kitu. Nimejibu kwa kadiri ya uwezo wangu kwamba yaonyesha mpaka wa nguvu za watawala kwa mizani ambayo kila mtu aweza kuishika mwenyewe, na kwamba mpaka huo uliwekwa na watu wadogo. Mwenye pesa nne za shaba zilizochakaa, zilizopangwa kwa miaka yake na kuandikwa zilikotoka, ana kitabu ambacho maktaba nyingi hazina. Ombi langu kwenu, kabla hamjalala, ni dogo: mwulizeni mzee wa nyumbani kama anayo moja, na akiitoa, msimwulize kwanza ina thamani gani; mwulizeni alipewa na nani, kisha mliandike jina hilo.